Mfungo wa Fundi Miguu

Mwanamume anayetaka kukuacha haanzi kwa maneno. Anaanza kwa kupeleka nguo zake kwa dobi mwingine.

Na kwa kuwa dobi ni mimi, nilijua mapema kuliko wanawake wenzangu wanavyojua. Ilikuwa Jumatano, ibada ya jioni. Fundi Miguu aliingia kanisani kwa mlango wa pembeni, amevaa shati lake jeupe la mikono mirefu. Shati lile nalijua. Nimelifua na kulipiga pasi mpaka ningeweza kulitambua kwa kupapasa kola tu. Lakini pasi ya siku ile haikuwa yangu. Kila mkono ulikuwa na mistari miwili badala ya mmoja, wanga umezidi kwenye kola hadi shingo yake imekakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya, na mgongoni kulikuwa na doa la manjano la pasi iliyosahauliwa. Nikajisemea moyoni, huyu mtu ana mwingine, tena mwingine mwenyewe hajui hata kazi.

Akapita kando ya benchi letu. Siku zote akipita pale hukohoa kidogo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, basi sisi tukayafanya kikohozi kwelikweli. Yeye anakohoa, mimi najifanya kutafuta wimbo kitabuni, na moyo wangu unaenda mbio hadi sala ya kufungia. Jumatano ile hakukohoa. Alitazama sakafu, akaenda kukaa mbele pamoja na wale wenzake wanaojiandaa kusafiri.

"Umeona?" Shangazi akaninong'oneza.

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mtoto."

Nisimulie kwanza. Fundi Miguu anatengeneza miguu bandia katika hospitali yetu kubwa, na jina hilo alipewa na wagonjwa wake. Kanisa lilikuwa limekubali kumtuma nchi ya mbali kwa miaka miwili, akajitolee katika hospitali ya misheni ambako watu waliopoteza miguu hukaa tu wakingoja. Mshahara hakuna. Atapewa chakula, kitanda na kazi isiyoisha. Aliponiambia, macho yake yaling'aa hivi kwamba nilishindwa hata kununa. Tukakubaliana kuwa kabla hajaondoka aje nyumbani, ajitambulishe kwa Shangazi, aseme nia yake wazi. Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Hana mume, hana mtoto, ana mimi na lile duka la dobi.

Siku ikapangwa, Jumapili baada ya ibada. Shangazi akapika, akatoa sahani za wageni, akavaa hereni. Tukangoja. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Mwishowe akaja jirani wa Fundi kutuambia kwamba mwenyewe amepatwa na udhuru.

"Udhuru!" Shangazi alisema akivua hereni. "Mwanamume mwenye udhuru kabla ya posa, akishaoa atakuwa na safari."

Sasa Jumatano ile, tukitoka kanisani, Shangazi alinishika mkono tukasimama chini ya taa ya barabarani.

"Nisikilize mwanangu. Jumapili hii wanabarikiwa, wiki ijayo wanaondoka. Akisimamishwa mbele ya watu bila kuvuka kizingiti changu, habari yake nimeifunga, na wewe utaifunga. Asiyekuwepo na lake halipo. Huyu yupo, na tayari lake halipo!"

"Shangazi, huenda kuna sababu."

"Mtu wa Mungu ni mzuri kumsikiliza. Kumngojea ni kitu kingine."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua makoti meupe ya karakana ya hospitali, ambayo tunayafua sisi na huwa tunayapeleka Ijumaa, nikayapeleka siku hiyo hiyo ya Alhamisi. Mengine makwapa yalikuwa bado na unyevu. Sikujali.

Karakana ya miguu iko nyuma kabisa, ukishapita jiko la hospitali. Mgeni akiingia mara ya kwanza huweza kupiga yowe, maana miguu imepangwa rafuni mirefu kwa mifupi, kila mmoja umeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Vumbi la plasta limekaa kila mahali, na harufu ya gundi inakupanda kichwani. Fundi alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi, anakaza kifundo cha mguu mpya wa bibi mmoja mnene aliyesimama katikati ya vyuma viwili vya kujishikia. Bibi huyo namjua, alifundisha hesabu kwa miaka mingi na mji mzima unamwita Mwalimu.

Fundi aliinua macho akaniona. Akasimama kwa haraka, akageuka, akakaa ameelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Habari za kazi," nikasema.

Akazidi kuutazama ukuta.

"Fundi, unasalimiwa," Mwalimu akamwambia.

"Nimesikia, Mwalimu. Tafadhali mwambie ni nzuri."

"Si umwambie mwenyewe? Yuko hapo nyuma yako."

"Siwezi kusema naye. Mwambie siwezi mpaka Jumamosi jua likizama."

Niliweka makoti mezani taratibu, maana ningeyaweka kwa hasira ingesomwa. Mwalimu alinitazama, akamtazama yeye, akashika vyuma vyake vizuri zaidi.

"Mimi msinijali," alisema. "Endeleeni. Sina pa kukimbilia."

"Basi Mwalimu, mwulize anaitwa nani," nikasema.

"Nani?"

"Huyo anayempigia pasi mashati."

"Anauliza, nani anakupigia pasi?"

"Mwambie ni mimi mwenyewe."

"Mwongo!" nilipayuka. Lakini hapo hapo nikaona, kwenye mkono aliokuwa ameegemezea ukuta, alama nyekundu ya kuungua, imechongoka kama ncha ya pasi. Malengelenge yalikuwa bado mabichi. Hasira yangu ikapungua nusu, nikaishikilia iliyobaki isinitoroke.

"Mwulize tangu lini anajua kupiga pasi."

"Mwambie hata sasa sijui," akasema ukutani.

Mwalimu alianza kucheka, akajizuia. "Fundi, hebu sema mambo yako yaeleweke. Mimi nina mguu unaobana na huyu binti ana roho inayobana. Kuna nini?"

Fundi alishusha pumzi. Kisha akasema kama mtu anayesoma tangazo.

"Niko kwenye mfungo, Mwalimu."

"Mfungo wa kutopeleka nguo kwa dobi?"

"Mfungo wa dobi mwenyewe."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akaeleza, na muda wote anaeleza anauambia ule ukuta. Wanaosafiri wana mama anayewaandaa, wanamwita Mama Mlezi, ambaye naye aliwahi kutumikia ugenini miaka mingi. Mama huyo hana mchezo. Huwaambia kwamba viza inakufikisha uwanja wa ndege tu, kutoka hapo inatakiwa roho. Amewafundisha kukaa kimya saa nzima bila kusinzia. Amewatuma wakaombe radhi kwa kila waliyemkosea, na Fundi alikwenda hadi kwa mwenye nyumba wake wa zamani. Kisha akawapa wiki ya mwisho, tangu Jumapili hadi Jumamosi, kila mmoja ajinyime kitu kimoja tu: kile anachokiwaza akifumbua macho asubuhi, kabla hajamkumbuka Mungu.

"Muuguzi ameacha chai," Fundi akasema. "Seremala ameacha mpira wa redioni. Mwenzetu wa kompyuta amezima simu. Mimi nikajiuliza, nikiamka nawaza nini?" Akaigeuza bisibisi mkononi. "Mwambie sikujiuliza kwa muda mrefu."

Nikatafuta kiti, sikuona kisicho na mguu wa mtu. Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri kama hilo, na hakuna aliyewahi kunifanyia jambo baya kama hilo, na yote mawili yametoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

"Kwa hiyo mimi ni chai," nikasema.

"Mwambie yeye si chai."

"Amesema wewe si chai."

"Nimesikia, Mwalimu, si kiziwi! Mwulize mbona hakunieleza. Neno moja tu. Jumapili Shangazi amepika, amevaa hereni, anaambiwa udhuru!"

"Mwambie mfungo ulianza Jumapili ile ile, na ningekuja ningemwona. Na tumefundishwa kwamba anayefunga asijitangaze. Nilidhani nikimweleza nitakuwa nimejitangaza."

Hapo nikasahau kuwa yupo mjumbe.

"Kujitangaza ni kwa majirani, Fundi! Mimi ndiye niliyeachwa! Muuguzi akiacha chai, birika halilii. Seremala akiacha mpira, mpira haukai dirishani ukijiuliza umekosa nini. Mimi nimelia. Nimelia juu ya mashuka ya watu mpaka nikayarudia kuyafua. Hata mume na mke wakitaka kufunga hupatana kwanza. Wewe umepatana na nani?"

Niliona mabega yake yakishuka polepole. Yale mabega nayapenda, naona niseme tu.

"Na mimi nikwambie nilichoomba," nikaendelea, kwa kuwa mtu akishafungua bomba huwa halijifungi lenyewe. "Wewe unajinyima ili umsikie Mungu. Mimi kila siku napiga magoti namwomba viza yako ikataliwe."

Yale mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Mwalimu," alisema kwa shida, "mwulize kama ndiyo maana imechelewa."

Mwalimu aliangua kicheko hadi vyuma vikalia. Nami nikacheka, machozi yakiwa bado usoni, nikajifuta kwa koti la hospitali nililolifua mwenyewe.

Tulipotulia, Fundi akasema, na safari hii hakumtaja Mwalimu hata kidogo.

"Naogopa. Kule kuna watu wamekaa miaka wakingoja mtu wa kuwasimamisha. Sitaki nifike mwili tu, wapate nusu mtu anayehesabu siku za kurudi. Nilitaka nijue kama naweza kusali bila uso wake kuja mbele yangu."

"Na umeweza?" Hilo Mwalimu aliuliza kwa niaba yake mwenyewe.

"Nimeshindwa. Nikimtoa kwenye sala zangu nabaki na maneno matupu. Jana nilikuwa naombea wagonjwa wa kule, nikajikuta namshukuru Mungu kwa mikono yake. Inanuka sabuni, na ina joto hata asubuhi." Akavuta pumzi. "Basi. Nimekosea. Mfungo umekwisha, nageuka."

"Usigeuke!"

Nilishangaa mwenyewe kwa sauti niliyoitoa. Tangu Jumapili nilikuwa nikiutamani uso ule, na sasa unaletwa wenyewe naukataa. Lakini niliona wazi, kama ninavyoona doa kwenye kitambaa cheupe, kwamba akivunja ahadi yake kwa sababu ya kilio changu, nitakuwa kitu kilichomshinda. Huko aendako, siku ngumu itakapokuja, atakumbuka kwamba aliwahi kushindwa, na aliyemshinda ni mimi.

"Mwalimu," nikasema, "mwambie amalize. Ila kuanzia sasa sinyimwi na mtu, na mimi najinyima. Yeye anajinyima mimi, mimi najinyima yeye, tumepatana. Jumamosi jua likizama aje afungulie mfungo wake nyumbani kwetu, mbele ya Shangazi, na aje na maneno ya kuomba radhi yaliyonyooka kuliko mikono ya shati lake."

"Umesikia?" Mwalimu akamwuliza.

"Nimesikia."

"Unakubali?"

"Nakubali, Mwalimu. Mwambie..." Akasita. "Hapana. Usimwambie. Nitamwambia Jumamosi."

Nilichukua kapu langu nikatoka. Nilipofika mlangoni, nyuma yangu mtu akakohoa, kikohozi kidogo kikavu cha mtu asiye na mafua. Nilitembea hadi dukani nikitabasamu na watu nisiowajua.

Shangazi nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akinyunyizia maji suruali ya mteja.

"Alijinyima wewe," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kama sukari."

"Ndiyo."

"Mjinga." Akapitisha pasi, akaigeuza suruali. "Lakini anayejinyima sukari huwa anaipenda," akaongeza, kisha akaonekana kujuta kulisema.

Mfungo wangu ulikuwa mgumu, nisidanganye. Picha yake niliilaza kifudifudi kabatini. Kila alipopita akilini nilimwambia Mungu, chukua, huyu hapa, na baada ya dakika anarudi. Siku ya kwanza nilisali kama mtu anayebishana na karani. Ijumaa jioni, nikikunja mataulo, nikajikuta sina tena ubishi. Nikasema, mpeleke salama, viza yake itoke. Nililisema kwa sauti ndogo sana, nikitumaini Mungu ana shughuli nyingine. Ila nilipolisema kifua kikawa chepesi, na nikajua sikumwachia Fundi peke yake safari. Na mimi nimeanza kuondoka pale nilipokuwa nimeng'ang'ania.

Jumamosi Fundi alifika mapema. Nilikuwa jikoni nikamsikia Shangazi, aliyekuwa dirishani, akiguna.

"Mbona amesimama nje ya geti?"

"Jua halijazama, Shangazi."

Akachungulia tena. Baada ya muda akachungulia mara nyingine.

"Jua la leo nalo," akasema, "linajivuta."

Lilipozama, aligonga. Alikuwa amevaa shati la bluu, mstari wa pasi umepinda vilevile. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Shangazi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

"Jumapili ulinipikia sikuja. Nikatuma udhuru bila kueleza. Nilikudharau, ingawa sikukusudia. Nimekuja kuomba radhi kwanza, mengine baadaye. Ukisema nirudi mlangoni, nitarudi."

Shangazi alimwacha asimame kidogo. Mimi nilisimama na bakuli mkononi.

"Kaa," akasema mwishowe. "Chakula cha leo sitaki kukipasha."

Ndipo Fundi akanigeukia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumtania, yakapotea yote. Alinitazama kama mtu aliyetoka chumba cha giza, kwanza akipepesa macho, kisha asitake kuyaondoa. Alikuwa amekonda kidogo mashavuni. Nami nilimtazama, mbele ya Shangazi, bila kitabu cha nyimbo cha kujifichia. Nampenda huyu mtu. Nilimpenda kabla, lakini jioni ile nilimpenda nikijua anakwenda, na nikiwa nimekubali aende.

"Habari za siku nyingi," akasema.

"Si nyingi hivyo," nikajibu, na sauti yangu ikanisaliti.

Tukala. Shangazi alimwuliza habari za wazazi wake, za kazi, za huko aendako. Akamjazia sahani mara ya pili. Nilianza kudhani mambo yamekwisha. Kumbe alikuwa akimnenepesha kabla ya swali.

"Sasa nijibu hili," alisema akiweka kijiko chini. "Utafika huko, utakuta kazi haiishi. Miaka miwili itapita. Halafu Mungu akwambie ubaki. Utafanyaje?"

Fundi naye aliweka kijiko chini. Nilimwomba kwa macho aseme haiwezekani. Hakunitazama, na nadhani ni makusudi.

"Sijui, Shangazi."

"Hujui."

"Nikikwambia siwezi kubaki, nitakuwa nimemjibu Mungu kabla hajauliza. Nikikwambia nitabaki, nitakuwa nimemjibia huyu kabla hajaulizwa. Hilo la pili nimeshalifanya kwa wiki moja, nikamliza. Silirudii. Siku nitakaposikia neno kama hilo, nitampigia simu kabla sijasema ndiyo wala hapana. Tutalisikia wote wawili."

Shangazi alisogeza sahani yake kando. "Ungesema haiwezekani ningekufungulia mlango utoke," akasema taratibu. "Wanaosema haiwezekani ndio wanaofanya." Akanigeukia. "Na wewe? Akiambiwa abaki?"

Sikuhitaji kufikiri.

"Nitauliza kama huko watu wanavaa mashati."

Fundi alicheka. Nami nikacheka. Kisha nikaona kuwa tunacheka wawili tu. Shangazi alikuwa ameinamia meza, anakusanya makombo kwa ncha ya kidole, kombo moja moja, ingawa pale hapakuwa na makombo ya kukusanya.

"Na mimi?" akasema.

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi dukani kwa pasi ya moto. Nikaelewa hereni za Jumapili ile, na ukali wote wa wiki nzima. Hakuwa akimkataa Fundi. Alikuwa akitazama viti vya meza yetu, na kuona kwamba kitakachokuwa tupu si kile alichokalia mgeni. Niliondoka mahali pangu nikaenda kumkumbatia kwa nyuma, nikaweka kidevu changu begani kwake.

Aliyesema ni Fundi.

"Shangazi, Mama Mlezi anataka kila anayesafiri awe na mtu mmoja huku nyumbani wa kumwombea kila siku. Mtu atakayeambiwa kila kitu, ukiumwa, ukikata tamaa, ukifanya ujinga. Wenzangu wameshapata. Mimi kesho nitasimama mbele sina wa kumtaja."

"Si huyu hapa yuko?" Shangazi akasema, akinionyesha bila kuinua uso.

"Huyu ataniombea hata nisipomwomba. Mimi namtaka mtu atakayeniambia nimekosea hata kama ananipenda." Akamgeukia. "Namwomba Shangazi."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi nikuombee wewe? Mwenye kupiga pasi namna hii?"

"Ndiyo maana nakuhitaji."

Shangazi alijifuta macho kwa upande wa kiganja, haraka, kana kwamba ni mvuke wa chakula.

"Mimi nikiomba sinong'oni," alimwonya. "Nikiomba majirani wanasikia."

"Huko ni mbali, Shangazi. Itabidi upaze sauti."

Akasimama, akanitoa mikono begani kwake, akazunguka meza. "Haya, piga magoti. Tuanze leo, kesho kutakuwa na watu wengi." Fundi akapiga magoti sakafuni, pale kati ya kiti na ukuta, na Shangazi akamwekea mkono kichwani, mkono ule ule ulionilea, mgumu kwa maji na sabuni za miaka yote. Nilifumba macho. Alitafuta pa kuanzia, na aliposema alisema kweli kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

"Baba," alisema, "mwanangu anasafiri."

Nikafumbua macho. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka kwenye mstari ule uliopinda wa shati lake, na Shangazi amefumba macho kabisa, anaendelea kuomba. Nikapiga magoti kando ya Fundi, nikamshika mkono.